Dirisha la Nne Halipokei Sare

Kwenye sataranji, wawili wakibaki na mfalme na ngome kila mmoja, ubao wote ukawa mtupu kama uwanja wa shule wakati wa likizo, watu wenye haya hupeana mikono. Hapo mchezo umekwisha. Hakuna wa kumfunga mwenzake hata wakicheza mpaka waote mvi. Kwenye simu, mkono wenyewe ni kitufe kidogo kilichoandikwa "Sare?" Mmoja anakibonyeza, mwingine anakubali, kila mtu anarudi kwenye kazi inayomlisha.

Karani wa dirisha la nne hakuwahi kukubali. Ofisi nzima tulimwita Sekunde, na jina hilo alilivaa kama nishani.

Mimi ni wa dirisha la tatu, la nakala. Kati yangu na yeye kuna kioo chenye ufa uliozibwa kwa plasta, na kwa miaka mitatu nimemtazama kupitia kioo hicho akicheza sataranji mtandaoni. Simu aliiegemeza kwenye kopo la gundi. Droo ya juu ilikuwa wazi muda wote, ili simu itumbukie mara Bi Mkuu wa ofisi anapokohoa kwenye ngazi. Alicheza michezo ya dakika tatu: kila mchezaji ana dakika zake tatu, zikimwishia ameshindwa, hata kama alikuwa amebakiza hatua moja ammeze mwenzake mzima mzima. Kanuni hiyo Sekunde aliipenda kuliko alivyompenda mama mkwe wake. Najua, hicho si kipimo kikubwa. Tutafika kwa mama mkwe.

Mchezaji mzuri hakuwa, tusidanganyane. Alikariri hatua nne za mwanzo, na zikiisha hizo alibadilishana vipande na mpinzani wake kama mtu anayegawa nguo za marehemu, mpaka pasibaki kitu cha kugombania. Kipaji chake kilianzia pale ambapo mchezo wa wengine ulikuwa umekwisha. Ngome kulia. Ngome kushoto. Ngome kulia. Ngome kushoto. Kidole chake cha shahada kilikwenda kasi kama sindano ya cherehani, na mpinzani, huko aliko, alibonyeza "Sare?" na kukataliwa, akabonyeza tena na kukataliwa, huku saa yake ikinyonyoka.

"Kaka, si sare hiyo?" nilimuuliza mara ya kwanza nilipoona.

"Sare kwako wewe. Tazama saa yake, sekunde kumi na moja. Tazama yangu, kumi na tisa."

"Lakini humfungi."

"Nani kasema namfunga? Mimi namchelewesha tu. Kufa atakufa mwenyewe." Akacheka bila kuinua macho. "Saa ni sehemu ya mchezo, mdogo wangu. Asiyetaka saa akacheze kombolela."

Windo lake la kila siku alikuwa mtunza kumbukumbu, mtu mzima wa chumba cha chini ya ngazi, tuliyemwita Kobe. Kobe ana vidole vinene vilivyozoea kufungua majalada, miwani mbili, moja ya karibu na moja ya mbali, na simu ambayo kioo chake kimepasuka kama kiazi kilichoiva sana. Kila siku baada ya chakula cha mchana walichezeana mchezo mmoja, Sekunde juu, Kobe chini. Kobe alifikiri. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake. Alifikiri vizuri, akajenga vizuri, na mchezo ulipofika kwenye ngome na ngome alikuwa amebakiwa na sekunde ishirini na miwani isiyofaa. Akaomba sare. Sekunde akamcheka. Ngome kulia, ngome kushoto, na saa ya Kobe ikakata roho.

Ndipo Sekunde alipoinamia ngazi na kupaza sauti: "Mzee Kobe! Kanunue saa!"

Na sauti kutoka chini ikajibu kwa upole uleule wa kila siku: "Nimekusikia, mwanangu. Nilikuwa natafuta miwani."

Tulicheka. Nakiri na mimi nilicheka. Nyuma ya mlango wa stoo Sekunde aliandika kwa kalamu ya wino mzito: *Sekunde 61, Kobe 4.*

Huo ulikuwa mchezo wa simu. Mchezo wa dirishani ulikuwa uleule, ila vipande vilikuwa watu.

Dirisha la nne ndilo lango la ofisi. Karatasi yoyote, iwe ya mwananchi au ya mfanyakazi, haihesabiki kuwa karatasi mpaka igongwe pale muhuri wa "Imepokelewa" wenye tarehe. Kuanzia tarehe hiyo, sheria inatutaka tumjibu mtu ndani ya siku kumi na nne. Kwa hiyo kila mwombaji alipoinama kwenye tundu la kioo, Sekunde hakuona mtu. Aliona saa.

Ukifika saa nane mchana na maombi yako, hakukataa. Mtu mjanja hakatai. Alisema, "Hii inataka nakala, nenda dirisha la tatu." Ukaja kwangu, nikakutolea nakala. Ukarudi. "Nakala hii igongwe dirisha la pili." Ukaenda. Ukarudi. "Aa, mama, sasa hii iliyogongwa si inataka nakala yake? Nenda la tatu." Ukaja tena kwangu unatweta. Ulipigwa danadana hiyo mpaka saa tisa na nusu, na ilipotimia alishusha pazia la mbao na kibao cha TUMEFUNGA kikaning'inia puani mwako.

Na kama ulikuwa na miguu myepesi ukamaliza mzunguko kabla ya pazia, bado alikuwa na ngome nyingine. Muhuri ule una magurudumu madogo ya mpira yanayobadilisha tarehe. Kila siku ilipogonga saa nane mchana, Sekunde aliyazungusha kwa kidole gumba, na leo ikawa kesho. Ijumaa ikawa Jumatatu.

"Siku tatu za bure," aliniambia kwa fahari. "Sikutoa hata jasho."

"Na mtu akiuliza?"

"Muhuri haukosei, mdogo wangu. Watu ndio hukosea."

Sasa tufike kwa mama mkwe. Mama huyo, tangu siku Sekunde alipopelekwa kutambulishwa, hajawahi kumwita kwa jina. Alimwita "yule wa dirishani". Yule wa dirishani ameshakula? Mwambieni yule wa dirishani asogeze kiti. Miaka kumi na moja. Halafu msimamizi wetu wa masjala akastaafu, na nafasi yake ikatangazwa, kwa watu wa ndani tu. Msimamizi ana chumba. Chumba kina mlango. Kama umekaa miaka kumi na moja mbele ya tundu ambalo watu wanakupulizia hasira usoni, na nyumbani kwa mkeo unaitwa kwa jina la tundu hilo, mlango si kitu kidogo. Sekunde aliutaka mlango ule mpaka akaanza kuuota. Mkewe alishatangaza kwao. Mama mkwe, kwa mara ya kwanza, alisema, "Tutaona."

Tangazo lilibandikwa Jumatatu, tarehe tatu. Mwisho wa kupokea maombi ulikuwa Ijumaa, tarehe kumi na nne, saa tisa na nusu alasiri. Fomu igongwe muhuri dirisha la nne, kisha itumbukizwe kwenye sanduku la chuma la ofisi ya utumishi, lililotundikwa ukutani hatua mbili nyuma ya kiti cha Sekunde. Ufunguo wake anao afisa utumishi peke yake.

Mtu mwingine angejaza fomu siku hiyohiyo na kulala usingizi. Sekunde aliitoa ramani ya njia za kutokea moto ukizuka, akaitundika juu ya tangazo.

"Umeficha tangazo," nilisema.

"Nimetundika usalama."

"Na fomu yako?"

"Ijumaa."

"Ijumaa ipi? Ya mwisho?"

Akanitazama kwa huruma, kama mwalimu anayemtazama mtoto asiyejua kufunga viatu. "Ukipeleka mapema wanakuona. Wakikuona wanakuchezea. Mimi nitapeleka zikiwa zimebaki dakika tano, watu wakistuka saa imekwisha. Peke yangu kwenye sanduku. Nani atanishinda?"

"Lakini kama unafaa, unafaa hata ukipeleka leo."

"Kufaa ni kwa watu wenye muda," alisema, akarudi kwenye simu.

Ijumaa ikafika. Saa nane mchana nilisikia kile kimlio kidogo cha magurudumu ya mpira, *kri-kri-kri*. Kumi na nne ikawa kumi na saba. Mkono wake ulifanya kama unavyofanya kila siku. Sidhani kama ulikiuliza kichwa.

Saa tisa na dakika tano simu ikalia, mkewe. Kioo kile kina ufa, na mke wake hana sauti ndogo, nikasikia kila kitu.

"Umeshapeleka?"

"Napeleka."

"Baba watoto, mama yuko hapa, anauliza hicho chumba kina feni?"

"Mwambie kina feni."

"Anauliza tena, ya juu au ya mezani?"

"Ya juu! Niacheni nifanye kazi, jamani."

Alipokata simu akamwalika Kobe mchezo. Siku hiyo Kobe alikuwa na shehena ya majalada na wakati wa chakula hakucheza, na Sekunde alitaka kuingia kwenye cheo na ushindi mdomoni. Wakacheza wa kwanza, Kobe akafa kwa saa. Sekunde akapata ashiki, akaomba wa pili.

Katikati ya huo wa pili, tundu la dirisha la nne likajaa uso. Alikuwa mwalimu wa chekechea. Tunamjua sote. Ana watoto ishirini na wawili sebuleni kwake, na alikuwa anatafuta kibali cha kufungua darasa rasmi. Mara tatu alikuja, mara tatu alipigwa danadana mpaka pazia likashuka. Mtu huyu amezoea kusema na wa miaka minne, kwa hiyo anasema na watu wote hivyohivyo, polepole, akitabasamu, bila kukuachia njia ya kutokea.

"Hujambo, mwanangu."

"Sijambo, mama. Hii inataka nakala."

"Ninazo." Akaziweka. "Tatu."

"Zigongwe dirisha la pili."

"Zimegongwa asubuhi."

"Picha..."

"Tano. Nne za kwako, moja ukitaka kunikumbuka."

Niliuma mdomo nisicheke. Kidole cha Sekunde kilikuwa kwenye simu muda wote: ngome kulia, ngome kushoto. Ubao ulishakuwa mtupu, mfalme na ngome huku, mfalme na ngome kule. Mwalimu akainamisha kichwa.

"Unafanya nini hapo, mwanangu?"

"Ni mfumo, mama. Mfumo wa kazi."

"Mfumo una farasi pembeni?"

"Hao wameshaliwa," alisema kabla hajajizuia.

Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa na dakika ishirini na mbili. Nikagonga kioo. "Kaka, fomu."

"Najua."

"Kobe anaomba sare. Kubali, utumbukize fomu."

"Nimpe sare ana sekunde tisa? Mimi ni shirika la misaada?"

Hapo akafanya mambo manne kwa wakati mmoja, na ningekuwa simjui ningempigia makofi. Kwa mkono wa kulia aliiagiza ngome yake iende kushoto hatua inayofuata, maana simu inakuruhusu kuagiza hata kabla mwenzako hajacheza. Kwa mkono wa kushoto aliokota muhuri, akagonga karatasi ya mwalimu, *pa!*, akachomoa fomu yake kutoka kwenye droo, akaigonga, *pa!*, macho yote kwenye simu, jinsi alivyogonga karatasi zote za miaka kumi na moja. Akainuka, hatua mbili, fomu ikaingia kwenye sanduku na kufanya *kling* ndogo ya chuma. Akarudi kwenye kiti akiwa anatabasamu tayari.

Lakini kule chini Kobe, safari hii, hakusogeza mfalme. Alisogeza ngome yake, akaiweka ikitazama palepale ambapo ngome ya Sekunde hutua. Na ngome ya Sekunde, iliyoagizwa mapema kama mtoto anayetumwa dukani bila kuangalia barabara, ikaenda kushoto, ikajipeleka mdomoni. Kobe akaila. Sekunde akabaki na mfalme mtupu, akamsogeza upesi. Nikaona saa ya Kobe: moja. Sufuri.

"Amekufa!" alisema Sekunde. "Kafa kwa saa! Sitini na..."

Simu ikaandika: *Sare. Muda umekwisha, lakini mpinzani hana vipande vya kumfunga.*

Ndiyo kanuni. Mfalme mtupu hawezi kushinda hata saa ya mwenzake ikiisha mara mia. Kanuni hiyo Sekunde hakuwahi kuisoma, kwa sababu hakuwahi kusoma kanuni nyingine zaidi ya ile aliyoipenda.

"Sare?" Alisema neno lile kama mtu aliyekuta nywele kwenye chakula. "Mimi? Sare?"

"Mwanangu," alisema mwalimu wa chekechea, ambaye alikuwa ameiinua karatasi yake usawa wa macho. "Leo tarehe ngapi?"

"Mama, nimekupokea, nenda nyumbani."

"Nakuuliza tu. Jana ilikuwa kumi na tatu. Baada ya kumi na tatu inakuja ngapi?"

Mwalimu akasubiri, kama anavyosubiri kila siku mpaka mtoto wa mwisho aseme.

"Kumi na nne," nilisema mimi kutoka dirisha la tatu. Sikuweza kujizuia.

"Vizuri sana. Sasa hapa pameandikwa kumi na saba."

"Muhuri haukosei, mama," alisema Sekunde, bado anaitazama simu.

"Haya. Basi hata yako, ile uliyoitupia kwenye sanduku, ni kumi na saba. Niliiona ikipita."

Nimewahi kuona umeme ukikatika jengo zima, na sijawahi kuona giza likiingia mahali haraka kama lilivyoingia kwenye uso ule. Aliutazama muhuri. Aliligeukia sanduku. Akaingiza vidole viwili kwenye tundu lake, vikakwama kwenye kifundo. Akavichomoa vimechubuka. Saa tisa na dakika ishirini na nne.

Zilibaki dakika sita. Dakika tatu zake na dakika tatu za dunia, mchezo kamili.

"Fomu nyingine," alisema kwa sauti nyembamba. Alikuwa nayo tupu kwenye droo. Akaijaza kwa mwandiko wa daktari aliyelewa. Akayazungusha magurudumu kurudi nyuma, *kri-kri-kri*. Kisha akakumbuka, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyetufundisha sote kudai hilo: fomu haipiti bila nakala ya cheti, na nakala haipiti bila kugongwa dirisha la pili.

Akaja kwenye kioo changu na cheti chake mkononi. "Mdogo wangu. Nakala moja. Upesi, nakuomba."

Hapa nitasema jambo na utanihukumu utakavyo. Kwa miaka mitatu nimetoa nakala zisizo na kazi. Nimetoa nakala za nakala. Nimewaona wazee wakipanda na kushuka kati ya kioo changu na chake mpaka magoti yao yanalia, nami nikabonyeza mashine na kusema "anayefuata". Wakati Sekunde anasema ngome kulia, kulia ni kwangu. Nilikuwa nimekaa pale miaka mitatu nikidhani natazama mchezo.

"Mashine inapasha moto, kaka," nilisema.

"Inachukua muda gani?"

"Dakika tatu hivi."

Ilikuwa ya moto tangu asubuhi.

Akakimbilia dirisha la pili: kiti kitupu, sweta mgongoni mwa kiti, mwenye sweta kaenda kunywa chai. Akarudi kwangu. Akaenda tena la pili. Kulia, kushoto. Mwalimu wa chekechea alikuwa bado amesimama, mkoba kifuani, akimfuata kwa macho kama anayetazama mpira. Saa tisa na dakika ishirini na tisa nilimpa nakala. Alikuwa nusu njia kuelekea la pili afisa utumishi aliposhuka ngazi, akaitazama saa yake ya mkononi, akafungua sanduku, akakusanya kilichomo, akalifunga.

"Bado moja!" Sekunde alipiga kelele. "Bado sekunde!"

"Saa ni saa," alisema afisa utumishi, mtu ambaye hajawahi kucheza chochote maishani mwake, akapanda zake.

Jumatatu asubuhi Bi Mkuu alimwita, na mimi akaniita niandike kumbukumbu. Ni mwanamke mnene, mtulivu, anayevua miwani anapotaka mtu aogope. Mezani kwake palikuwa na fomu mbili.

"Hii ya kwanza," alisema, "ni ya mtunza kumbukumbu. Imepokelewa tarehe nne."

"Mzee Kobe?" Sekunde alikaa vibaya. "Ameipeleka lini? Nani aliipokea?"

"Ina muhuri wako."

Nilikumbuka. Jumatatu ile ya tangazo Kobe alipanda baada ya saa nane na bahasha yake. Nakala ya kila tangazo hushuka kwake kuhifadhiwa, ramani ya moto au hapana. Sekunde alimgongea bila kuinua macho, huku akimshinda mtu mwingine kwa saa.

"Na hii ya pili ni yako. Imetolewa kwenye sanduku Ijumaa, tarehe kumi na nne. Imepokelewa Jumatatu, tarehe kumi na saba." Bi Mkuu akavua miwani. "Nimefanya kazi miaka ishirini na sita. Hii ni karatasi ya kwanza kuiona ikifika kabla ya siku yake."

Kalamu yangu ilisimama juu ya karatasi.

"Sasa nieleze. Nikiuamini muhuri, umechelewa, na sina cha kujadili. Nikiliamini sanduku, basi muhuri ni mwongo, na mwenye muhuri ni wewe, na itabidi niagize majalada ya miaka kumi na moja yapandishwe hapa nijue umedanganya mara ngapi. Ipi niiamini?"

Kwenye sataranji farasi mmoja anaweza kusimama mahali akatishia mfalme na ngome kwa pamoja. Ukimwokoa mmoja, mwingine analiwa. Sekunde alinitazama mimi. Akatazama dirisha. Akatazama saa ya ukutani, rafiki yake wa siku zote, na ilikuwa saa tatu na dakika tano asubuhi.

"Chukua muda wako," alisema Bi Mkuu. "Sina haraka."

Jasho likamtoka. Mtu aliyeishi kwa kuwaishia wengine muda alikuwa amepewa asubuhi nzima, na hakuwa na hatua hata moja ya kucheza.

"Mama," alisema mwishowe, "hatuwezi... tukasema sare?"

"Sare na nani?"

"Andika," Bi Mkuu aliniambia, akimngoja yeye.

"Nimechelewa, mama," alisema Sekunde.

Nikaandika. Maneno mawili, mwandiko safi.

"Muhuri niletee huku kabla ya chakula," alisema Bi Mkuu, akavaa miwani. "Nitakaa nao mwenyewe mpaka msimamizi aanze kazi."

Tukashuka pamoja, yeye mbele, hatua zake zikiwa nzito kama za Kobe. Simu ilimlilia mfukoni, akaitazama, akaiacha ilie. Nilijua nani anapiga na nani amekaa pembeni yake akiuliza habari za feni.

Na pale dirisha la nne, amekaa wima kwenye benchi la mbele, mkoba kifuani, alikuwa mwalimu wa chekechea. Alipotuona akasimama.

"Hujambo, mwanangu."

"Mama, wewe nilikupokea Ijumaa."

"Hapana. Karatasi inasema umenipokea leo." Akaionyesha tarehe kwa kidole, kama anavyowaonyesha watoto wake ubaoni. "Leo ndiyo kumi na saba. Nimewahi. Nipokee."

Sekunde aliitazama saa. Saa tatu na dakika ishirini. Mpaka pazia lishuke kulikuwa na saa sita na zaidi, na mwalimu alikuwa amekuja na chupa ya maji na mkate kwenye mfuko. Akakaa kitini. Akafunua jalada. Akasoma, nadhani kwa mara ya kwanza, maombi ya mtu kuanzia juu mpaka chini. Kila kitu kilikuwepo. Ilibaki nakala moja tu ya maombi yenyewe, ya kuweka kwenye jalada letu, nakala ya kweli yenye kazi.

Akaja kwenye kioo chenye ufa.

"Mashine ina moto?" aliuliza.

Nikaweka karatasi, nikabonyeza, nakala ikatoka kabla hajaondoa mkono.

"Ina moto kila siku, kaka. Kuanzia saa mbili asubuhi."

Alinitazama. Alinitazama kwa muda mrefu, muda ambao kwenye simu ungemtosha kushindwa mara mbili. Kisha akachukua nakala, akarudi kwenye dirisha lake, na mwalimu wa chekechea akamwambia akae vizuri, asiinamishe mgongo.